Chumvi Iokoayo Watu na Kula Magari

Mtu yeyote aliyewahi kukaa Mombasa, Malindi au Lamu anajua jinsi upepo wa bahari unavyoyatenda mabati. Paa ambalo huko Nyeri lingedumu miaka mingi likingali jeupe, pwani huanza kugeuka rangi ya udongo mwekundu kabla mwenye nyumba hajamaliza kulipa deni la ujenzi. Sababu yake ni chumvi iliyomo katika hewa ya bahari.

Basi msomaji na afikiri nchi ambayo chumvi haichukuliwi na upepo kidogo kidogo, bali humwagwa barabarani kwa malori, tani kwa tani, usiku baada ya usiku, kwa amri ya wenye mamlaka wenyewe. Ndivyo yalivyo mambo katika Uingereza, katika Kanada, katika Japani ya kaskazini na katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, kila majira ya baridi yanapofika. Chumvi hiyo huwaokoa watu wengi wasife ajalini. Lakini chumvi hiyo hiyo huingia chini ya magari, na huko, mahali pasipotazamwa na mtu, huanza kuyala.

Jambo hili laweza kudhaniwa kuwa ni la watu wa mbali tu. Sivyo. Wako watu wengi wa Afrika ya Mashariki wanaokaa na kufanya kazi katika miji kama Minneapolis, Boston, Toronto na London, na wengi wao hawakuwahi kuiona theluji mpaka siku walipofika huko. Tena magari mengi yanayopita katika barabara za Kenya yalianza kutumika Japani, na mengine Uingereza, kabla ya kupakiwa melini. Karani anayekopa fedha katika chama chake cha akiba ili anunue gari, au mkulima anayetaka pikapu ya kuchukua maziwa na viazi, hununua pamoja na gari hilo majira yote ya baridi ambayo gari lilikwisha kuyapita. Kwa hiyo yafaa ijulikane chumvi hiyo hufanya kazi gani, huharibu nini, na huzuiwa kwa njia gani.

KWA NINI CHUMVI HUMWAGWA

Maji huganda na kuwa barafu yanapofika digrii sifuri za sentigredi. Barabara yenye barafu huwa na utelezi kupita barabara yoyote ya matope. Gari huzungushwa usukani lisigeuke, hupigwa breki lisisimame. Lakini maji yaliyochanganyika na chumvi hayagandi upesi. Chumvi ikimwagwa barabarani, huyeyusha barafu iliyopo na kuzuia nyingine isifanyike, nayo matairi hupata kushika lami.

Jimbo la New Hampshire katika Marekani lilianza kuijaribu njia hii katika mwaka 1938. Tangu hapo matumizi yameongezeka mno, hata sasa Marekani peke yake humwaga barabarani mamilioni mengi ya tani kila mwaka. Chumvi hiyo haitoki mezani. Huchimbwa ardhini kama mawe. Uingereza huchimba yake kwa wingi huko Winsford, katika jimbo la Cheshire, mahali palipokuwa bahari katika zama za kale sana, ikakauka na kuacha chumvi yake. Mji wa Detroit, maarufu kwa viwanda vya magari, umejengwa juu ya migodi ya chumvi iliyo zaidi ya mita 300 chini ya ardhi. Na huko Goderich, katika Kanada, wachimbaji huingia chini ya Ziwa Huron kuifuata.

Chumvi ya kawaida ina mpaka wa nguvu zake. Baridi ikishuka kupita digrii 9 hivi chini ya sifuri, huanza kushindwa kuyeyusha barafu upesi. Ndipo hutumiwa chumvi za namna nyingine, za kalisi na za magnesi, ambazo huweza kufanya kazi katika baridi kali zaidi. Mahali pengine maji ya chumvi hunyunyizwa barabarani hata kabla theluji haijaanguka. Na katika sehemu zenye baridi kuu mno, barabara nyingi hazimwagiwi chumvi kabisa, bali mchanga. Kwa hiyo si lazima gari lililotoka mahali penye baridi kupita pote ndilo liwe na kutu kupita yote. Gari linaloharibika zaidi ni lile la mahali ambapo theluji huanguka, huyeyuka na kuganda tena mara nyingi katika majira yale yale, kwa maana huko ndiko chumvi humwagwa bila kupumzika.

JINSI KUTU INAVYOANZA

Chuma hupata kutu kinapokutana na maji pamoja na hewa. Kikikosa kimoja katika viwili hivyo, kutu haiendelei. Hii ndiyo siri ya kazi yote ya kukinga gari: maji na hewa visikifikie chuma.

Chumvi yenyewe siyo kutu, lakini huiharakisha. Kutu hutokea kwa nguvu ndogo ya umeme inayopita juu ya chuma kilicholowa, na maji ya chumvi hupitisha umeme huo vizuri kuliko maji ya mvua. Tena chumvi za kalisi na za magnesi zina tabia ya kuvuta unyevu kutoka katika hewa. Hata siku ya jua, tope lililochanganyika na chumvi za namna hiyo laweza kubaki na unyevu katika pembe za chini ya gari, wakati ambapo gari lote kwa juu ni kavu.

Kutu ikikwisha kufanyika, huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo. Huvimba, huinua rangi, hupasuka na kubanduka kama magamba, na kila gamba likianguka huacha chuma kipya wazi ili kiliwe nacho. Ndiyo sababu doa dogo kama kichwa cha pini laweza kuwa tundu la kupita kidole baada ya miaka michache.

Viwanda vya magari vimelijua jambo hili siku nyingi. Tangu miaka ya 1980 viwanda vingi vimezidi kutumia mabati yaliyopakwa zinki kwa kutengeneza bodi. Zinki hukubali kuliwa kwanza ili chuma kilicho chini yake kisalimike. Kwa sababu hiyo magari ya siku hizi hayatoboki milango upesi kama yale ya zamani. Lakini hapo ndipo watu wanapodanganyika. Bodi yaweza kung'aa kama mpya, na huku chini mfupa wa gari, mabomba ya breki, vishikio vya springi na matangi yanaendelea kuliwa. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

MAHALI PENYE HATARI

Kutu ya chini ya gari haianzii mahali pa wazi palipooshwa na mvua. Huanzia mahali ambapo tope hukaa na maji hayatoki: ndani ya madigadi, juu ya springi za nyuma, ndani ya vyuma vya mraba vilivyo wazi katikati, na katika kingo za chini ya milango. Kingo hizo zina matundu madogo ya kutolea maji. Yakizibwa na tope au majani, maji ya chumvi hukaa ndani kama katika mtungi, na kutu hula kutoka ndani kuja nje. Siku inapoonekana nje, kazi yake ndani imekwisha.

Mahali pengine ni sakafu ya gari kwa upande wa ndani. Dereva huingia na theluji yenye chumvi katika viatu vyake; theluji huyeyuka, maji hunywewa na zulia, nalo zulia hukaa limelowa juu ya bati majira yote.

Lakini kupita mahali pote, hatari iliyo kubwa ni mabomba ya breki. Ni mabomba membamba ya chuma yanayopita chini ya gari kutoka mbele mpaka nyuma, yakichukua mafuta ya breki. Dereva akikanyaga, nguvu ya mguu wake hupitia katika mafuta hayo mpaka kwenye magurudumu. Bomba lililoliwa na kutu laweza kuvumilia kukanyagwa kwa kawaida siku nyingi, kisha likapasuka siku ile dereva anapokanyaga kwa nguvu zake zote, yaani siku ile hasa anapoihitaji breki. Magari ya siku hizi yana njia mbili za mafuta ili moja ikipasuka nyingine ibaki. Hata hivyo gari huenda mbali zaidi kabla ya kusimama, na mtoto anayevuka njia hapati nafasi ya pili.

Haya si maneno ya kutishia watu. Katika mwezi wa Aprili mwaka 2015, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa magari barabarani, baada ya kuchunguza malalamiko ya mabomba ya breki yaliyopasuka kwa kutu, ilitoa onyo kwa watu wa majimbo yanayotumia chumvi. Iliwaambia wenye magari ya mwaka 2007 na ya kabla ya hapo wayakaguze mabomba hayo, na wasafishe chini ya magari yao mara kwa mara katika majira ya baridi, na kwa uangalifu zaidi baridi inapokwisha.

Uingereza nayo ina ukaguzi wa kila mwaka, ulioanza katika mwaka 1960, ambao magari mengi huanza kuupitia yanapotimiza miaka 3. Mkaguzi huangalia kutu kwa makini hasa katika sentimita 30 za kuzunguka mahali pa kushikilia breki, usukani, springi na mikanda ya kufunga abiria. Kutu iliyodhoofisha chuma katika sehemu hizo hulifelisha gari, hata kama lina injini nzuri na viti safi.

KAZI KABLA YA BARIDI

Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga ya gari hufanywa kabla chumvi ya kwanza haijamwagwa. Katika nchi za kaskazini mwa dunia, wakati wake ni kati ya mwezi wa Septemba na Novemba. Mwenye gari aliye na akili hufuata utaratibu huu.

Kwanza, gari huinuliwa na kuoshwa chini kwa maji mengi, na tope lote lililoshikamana katika pembe hutolewa. Kupaka mafuta juu ya tope ni kama kufunga kidonda bila kukiosha.

Pili, gari huachwa likauke kabisa, hata ikibidi kungoja siku mbili. Unyevu ukifungiwa chini ya dawa, kutu huendelea gizani.

Tatu, matundu ya kutolea maji hutafutwa yote na kuzibuliwa kwa kijiti au waya laini.

Nne, mahali penye kutu hukwanguliwa kwa brashi ya waya na msasa. Kama chuma kingali kizima, hupakwa rangi ya kuzuia kutu. Kama kimetoboka au kimekuwa laini, hapo si pa kupaka rangi, ni pa kukata na kuchomea chuma kipya, na kazi hiyo ni ya fundi.

Tano, ndipo hupakwa kinga yenyewe. Kinga hizo ni za namna tatu kubwa. Ya kwanza ni mafuta mepesi yanayonyunyizwa, ambayo hutambaa yenyewe na kupenya katika maungio ya mabati. Ubaya wake ni kwamba huoshwa na maji, kwa hiyo hurudiwa kila mwaka. Ya pili ni nta, ambayo hukauka kidogo na kudumu zaidi, nayo hufaa sana ndani ya vyuma vilivyo wazi katikati. Ya tatu ni mafuta mazito yanayotokana na manyoya ya kondoo. Mkulima anayefuga kondoo atakuwa ameona jinsi mnyama huyo anavyosimama mvuani bila maji kupenya upesi mpaka ngozini. Mafuta yale yale yaliyo katika sufu yake husafishwa na kupakwa chini ya magari, yakazuia maji kukifikia chuma.

Kazi ya kunyunyizia dawa ndani ya vyuma si ya jana. Katika mwaka 1959 fundi mmoja mzaliwa wa Ujerumani, Kurt Ziebart, alianza biashara hiyo katika mji wa Detroit. Alitoboa matundu madogo mahali panapofaa, akapitisha vifaa virefu vya kunyunyizia mpaka ndani kabisa, kisha akaziba matundu hayo kwa vizibo. Alifahamu kwamba upande wa ndani ndio unaohitaji dawa zaidi kwa kuwa hauonekani.

Yapo mahali pasipopakwa kitu. Vyuma vya breki visiguswe na mafuta hata kidogo, maana breki yenye mafuta haishiki. Bomba la moshi lisipakwe, kwa kuwa hupata moto mkali. Na matundu ya kutolea maji yasizibwe kwa dawa ile ile iliyokusudiwa kuliokoa gari.

HADHARI YA RANGI NYEUSI

Kuna dawa nyingine inayopendwa sana kwa sababu hupendeza machoni: ile rangi nzito nyeusi iliyo kama lami au mpira. Ikipakwa juu ya chuma kipya, safi na kikavu, huzuia mawe yasikwaruze, nayo hufaa. Lakini baada ya muda hukauka na kupasuka. Maji ya chumvi huingia katika nyufa zake na kukaa kati ya rangi na chuma, mahali ambapo jua wala upepo haviyafikii. Kwa nje mtu huona weusi mzuri usio na dosari, na kwa ndani chuma kinaisha.

Ikipakwa juu ya kutu iliyopo tayari, ni mbaya zaidi. Si kinga tena, bali ni shuka iliyofunikwa juu ya mgonjwa ili watu wasimwone. Kwa hiyo mafundi wengi hupendelea mafuta au nta inayobaki laini, kwa sababu haipasuki, na tena mtu huweza kuifuta kwa kitambaa akaona hali ya chuma kilicho chini yake.

KAZI WAKATI WA BARIDI

Hata gari lililopakwa vizuri huhitaji kuoshwa. Desturi nzuri ni kuosha chini ya gari kila baada ya juma moja au mawili, na hasa baada ya chumvi nyingi kumwagwa. Siku ya kuchagua ni ile ambayo baridi imepungua na kupanda juu ya digrii sifuri, ili maji yasigande katika milango na breki. Maji yawe mengi. Si lazima yawe na nguvu nyingi. Maji yanayopigwa kwa nguvu kubwa karibu mno na chuma huweza kuibandua kinga na kuyasukuma maji ya chumvi ndani ya maungio. Wako watu wasio na mashine ambao huchukua kile kifaa cha kunyunyizia majani bustanini, wakakilaza chini ya gari na kukifungulia maji kwa muda, na kazi hufanyika.

Liko jambo moja linalowashangaza wengi. Mtu hudhani amelitendea gari lake wema kwa kuliingiza, likiwa limejaa theluji na chumvi, katika banda lenye joto. Kumbe amelidhuru. Katika baridi kali kutu huenda polepole, lakini katika joto theluji huyeyuka, maji ya chumvi huenea kila mahali, na kutu hupata unyevu na joto pamoja. Gari lililooshwa na kukauka lifungiwe ndani bila wasiwasi. Gari lenye chumvi lisilooshwa ni heri likae nje.

Zulia la gari nalo liwekewe mkeka wa mpira wenye kingo, ule unaokusanya maji, na maji hayo yamwagwe. Baridi inapokwisha, gari lote lioshwe chini kwa uangalifu kuliko wakati mwingine wowote, maana joto la majira mapya ndilo litakaloiamsha chumvi iliyobaki. Ndipo mabomba ya breki yakaguliwe. Yakihitaji kubadilishwa, yapo mabomba ya mchanganyiko wa shaba na nikeli ambayo hustahimili chumvi kuliko yale ya chuma.

MNUNUZI WA AFRIKA YA MASHARIKI

Kwa kanuni za Kenya, gari lililotumika halikubaliwi kuingizwa nchini likiwa limepita miaka 8 tangu mwaka lilipoandikishwa mara ya kwanza. Kanuni hiyo huzuia magari makuukuu, lakini haizuii kutu. Miaka 8 huweza kuwa na majira 8 ya baridi, na hiyo ni chumvi ya kutosha kumaliza chuma kisichotunzwa. Tena magari hayo hukaguliwa kabla ya kusafirishwa, na ukaguzi huo una faida yake. Lakini mkaguzi hawezi kuona ndani ya chuma kilichofungwa, na mwenye fedha ni mnunuzi mwenyewe.

Japani si mahali pamoja. Gari la Okinawa halijui theluji, ingawa hukaa karibu na bahari. Gari la Hokkaido, kisiwa cha kaskazini, au la mikoa ya pwani ya magharibi yenye theluji nyingi, limepita katika chumvi. Hapo zamani madereva wa huko walitumia matairi yenye misumari ya chuma, lakini misumari hiyo ilikwangua barabara na kujaza vumbi mijini, hata matairi hayo yakakatazwa kwa sheria ya mwaka 1990. Baada ya hapo chumvi ikazidi kutumika. Kwa hiyo anayeagiza gari aulize lilitumika mkoa gani, wala asitosheke kuuliza limekwenda kilomita ngapi. Katika karatasi za mnada za Japani, herufi S juu ya picha ya gari huonyesha kutu, na herufi C huonyesha chuma kilichokwisha kuliwa. Tarakimu inayofuata herufi hiyo ikiwa kubwa, ubaya nao ni mkubwa. Asiyeweza kuisoma karatasi hiyo amtafute anayeweza, kabla ya kutuma fedha.

Gari likiwa limekwisha fika na kusimama uwanjani pa kuuzia, mnunuzi asione haya kulala chini. Aende pamoja na fundi anayemwamini, si fundi wa muuzaji. Gari liinuliwe mahali pagumu na kuwekewa vishikizo imara. Asiingie mtu chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Kisha yatazamwe mambo haya.

Rangi nyeusi mpya inayonuka, katika gari la miaka 7, itiliwe shaka. Aulizwe muuzaji ilipakwa lini na kwa nini. Chuma kigongwe taratibu kwa mpini wa bisibisi: kilicho kizima hulia kwa sauti kali, na kilicholiwa hutoa sauti ya chini kama ya gunia. Mabomba ya breki yapanguswe tope na kutazamwe kama yana magamba. Vichwa vya nati vitazamwe, maana nati iliyopoteza pembe zake kwa kutu haitafunguka siku ya matengenezo, na fundi atadai malipo ya kuikata. Zulia liinuliwe miguuni pa dereva na pa abiria. Mahali ilipofungwa mikanda pavutwe kwa nguvu.

Si kila kutu ni ya kukataza. Wekundu mwepesi juu ya bomba la moshi au juu ya chuma kizito cha nyuma ni jambo la kawaida, nao huondolewa kwa brashi. Kutu ya kuogopwa ni ile yenye magamba manene, yenye matundu, au iliyo karibu na breki, usukani, springi na mikanda. Hapo bei rahisi si rahisi tena.

Na gari likinunuliwa, kazi haijaisha. Chumvi iliyosafiri nalo kutoka Hokkaido au Birmingham haikufa baharini. Ingali imejificha katika pembe zile zile, ikingoja mvua za masika na unyevu wa Mombasa. Kwa hiyo gari jipya kwa mwenyewe lioshwe chini kwa maji mengi yasiyo na chumvi, likaushwe juani siku moja au mbili, na kunyunyiziwa mafuta au nta ndani ya kingo na vyuma vyake. Jua la Afrika ni msaada mkubwa ambao mtu wa Toronto hanao mwezi wa Januari; hukausha bure kile ambacho wengine hukausha kwa gharama.

Mambo yote haya hayahitaji elimu kubwa wala fedha nyingi. Yahitaji maji, brashi, mafuta, na mtu aliye tayari kuinama. Watu wengi huipangusa rangi ya juu ya gari kila asubuhi kwa sababu majirani wanaiona, na hupitisha miaka bila kutazama chini yake hata mara moja. Lakini familia inayopanda gari hilo siku ya Jumapili haibebwi na rangi. Hubebwa na vyuma vya chini, na siku ya dharura husimamishwa na bomba moja jembamba lisilozidi unene wa penseli. Hilo ndilo la kutazamwa kwanza.